Mkojo mweupe si lazima kalsiamu: kabla ya kununua ile chupa

Wandugu, leo tuongee mkojo. Musione haya, kila mtu anao.

Mwenzetu mmoja aliyemaliza masomo hapa Butembo alinitumia picha: mkojo wake ndani ya glasi, mweupe-mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Muuzaji wa dawa za chupa alimwambia eti hiyo ni kalsiamu inatoka kwenye mifupa, basi anunue vidonge vya kalsiamu vya miezi mitatu. Bei ilikaribia kodi ya chumba chake. Akaniuliza: nilipe ao niache?

Nikamwambia aende labo kwanza. Mkojo mweupe unaweza kuwa na chumvi za fosfati tu, na mara nyingi hiyo si ugonjwa. Unaweza pia kuwa na usaha. Kwa macho hata munganga hatofautishi.

Zamani kulikuwa kipimo kinaitwa Sulkowitch. Walitia ndani ya mkojo dawa yenye oksalati. Oksalati ikikutana na kalsiamu vinashikana, wingu jeupe linatokea. Wingu dogo ni kawaida; likiwa zito kama maziwa, kalsiamu ni nyingi. Hakikutoa namba kamili, njo maana kiliachwa. Mimi nakipenda juu kinaonyesha mambo yote: kile kinatokea ndani ya ile chupa ya labo kinaweza kutokea ndani ya figo ya mtu asiyekunywa maji. Mawe mengi ya figo ni kalsiamu na oksalati vilivyoshikana.

Siku hizi munganga akitaka kujua kalsiamu, anaomba mkojo wa saa 24. Ukiamka saa 12 asubuhi, ule mkojo wa kwanza unautupa. Kisha hapo unakusanya wote, mchana na usiku, mpaka ule wa saa 12 ya kesho yake. Ukisahau mara moja tu, namba inadanganya. Bidoni inatoka labo, si ile ya mafuta uliyosafisha nyumbani. Na kama wameitia asidi, usiimwage. Kwa mtu mzima, kalsiamu ikipita miligramu 250 kwa mwanamke ao 300 kwa mwanaume kwa siku, ni nyingi. Na hapo kumeza vidonge vya kalsiamu ovyo kunaweza kuongeza hatari ya mawe. Muuzaji hakusema hiyo.

Kalsiamu ya chakula ni kitu kingine. Lengalenga ina oksalati nyingi. Ukiila pamoja na ndakala, ambazo tunatafuna na mifupa yake, kalsiamu inaishika oksalati tumboni na vinatoka kwa njia ya choo, haviendi kwenye figo. Chumvi njo mbaya: makayabu yasiyolowekwa vizuri inasukuma kalsiamu kwenye mkojo. Na motari anayefanya Beni–Butembo juani, anatoka jasho siku nzima na anakunywa soda moja, mkojo wake unakuwa mzito.

Wengi wanachanganya jambo lingine: bandeleti, kile kijiti chenye rangi, haipimi kalsiamu hata kidogo. Inaangalia protini, damu, sukari, alama za usaha. Lakini kwa afya ya figo ni yenyewe ya kuanzia, pamoja na kreatinini ya damu, juu figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu bila kuuma popote. Mwenye sukari ao tansio, na yule anayemeza diklofenaki kila wiki kwa ajili ya mgongo, asingoje maumivu.

Mwenzetu alienda. Bandeleti ilionyesha nitriti na usaha: infeksio. Munganga hakuomba hata ule mkojo wa saa 24. Alimpa dawa, akamwambia arudi mbio kama homa inapanda ao mbavu zinauma. Kodi ya chumba ameilipa.