Diski ya Linux Kathonzweni: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na uzito wa uamuzi huo umefika hadi miji midogo ya Ukambani. Kathonzweni, kwenye barabara ya kutoka Wote kwenda Makindu, kompyuta ya saiba au ya maabara ya shule aghalabu ni ile tunayoiita ex-UK: Dell OptiPlex au HP Compaq iliyokwisha kutumika ofisini Uingereza kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Windows 11 inadai prosesa ya miaka ya karibuni na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine hizi hazina. Ushauri unaotolewa haraka ni kuziuza kama vyuma chakavu.

Mimi nasema ushauri huo ni hasara tupu. Mashine nyingi za aina hiyo zina draivu ya DVD inayosoma vizuri, na DVD moja yenye mfumo endeshi wa Linux inaweza kuzipa miaka mingine ya kazi bila leseni ya kulipia. Kinachozuia watu si bei. Ni maneno yanayopitishwa kaunta kwa kaunta, mengine ya kweli, mengine ya nusu, mengine ya uongo kabisa. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana.

"Ukitia hiyo CD na kuwasha, kila kitu kwenye kompyuta kinafutika."

Uongo, na huu ndio unaoogopesha watu kuliko wote. Kompyuta ikiwashwa, programu ndogo iliyo kwenye ubao wake, yaani BIOS, hutafuta mahali pa kuanzia. Ukiiambia ianze na diski iliyo kwenye draivu, itasoma kutoka huko, itapakia mfumo kwenye memori, na diski kuu yenye Windows na barua zako itabaki jinsi ilivyo. Kama diski ni ya aina inayoendeshwa bila kusakinishwa, unaweza kuandika, kucheza muziki, kuingia mtandaoni, kisha ukazima, ukatoa diski, na Windows ikaamka kama kawaida.

Wazo hili ni la zamani. Yggdrasil, toleo la Linux la mwaka 1992, ilikwisha kuonyesha kwamba Linux inaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye CD. Aliyelieneza duniani ni Mjerumani Klaus Knopper, ambaye mwaka 2000 alitoa Knoppix: takriban GB 2 za programu zilizobanwa zikaenea kwenye CD ya MB 700. Fundi anayejua hili ana dawa ya mkosi wa kawaida wa shuleni. Windows imegoma kuwaka, na ndani yake kuna alama za wanafunzi za muhula mzima. Anatia diski ya Linux, anawasha, anafungua diski kuu na kunakili alama hizo kwenye flashi.

Hatari ya kweli ipo, ila iko mahali pamoja. Ukiamua kusakinisha, kuna ukurasa unaokuuliza diski kuu ifanywe nini. Anayechagua kufuta yote atafutiwa yote, na hakuna fundi wa Wote wala wa Nairobi atakayemhakikishia kuyarudisha. Kwa hiyo nakala ya mafaili hutangulia, na ukurasa huo husomwa taratibu kabla ya kubonyeza.

"Bila intaneti ya nguvu, Linux huwezi."

Uongo, ingawa naelewa ulikotoka. Debian, kwa mfano, ambayo ni mojawapo ya matoleo ya Linux, hutoa diski ndogo ya kusakinishia. Ndani yake kuna mfumo wa msingi tu, na vingine vyote, pamoja na madirisha na programu za ofisi, hutafutwa mtandaoni wakati wa kusakinisha. Mtu huichagua hiyo kwa sababu ni nyepesi kupakua, anafika nayo Kathonzweni, bando linakata katikati, naye anaapa kwamba Linux ni ya watu wa faiba.

Alichukua diski isiyofaa mahali pale. Debian hiyo hiyo ina DVD ya kwanza yenye madirisha, programu ya kuandikia na ya hesabu, kisomaji cha intaneti na vifurushi vingine kwa maelfu. Kisakinishi kikiuliza kama utumie hazina ya mtandaoni, jibu hapana, nacho kitaendelea kwa kusoma DVD peke yake. Baadaye ukihitaji kifurushi kingine kilichomo, amri ya apt-cdrom huisajili DVD hiyo kuwa duka lako. Anayepakua ni mmoja, popote penye mtandao mzuri, na DVD inapanda matatu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa nchi nzima, na si zamani sana. Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na kupakua MB 700 ilikuwa kazi ya usiku mzima au zaidi. Katika miaka hiyo kampuni ya Canonical, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD za Ubuntu, toleo lake la Linux, bure kwa posta popote duniani. Uliomba, ukangoja wiki kadhaa, bahasha ikafika kwenye sanduku lako. Huduma hiyo, iliyoitwa ShipIt, ilifungwa Aprili 2011. Naamini ilifungwa mapema mno kwa watu wa mashambani, kwa sababu nyaya zilizofika Mombasa hazikufika siku hiyo hiyo kila soko.

"Nililiweka lile faili kwenye CD, kompyuta haikuliona. Hizi CD hazifanyi kazi."

Hapa CD imesingiziwa. Faili la ISO, lile unalopakua, ni taswira kamili ya diski nzima, tangu mwanzo wake hadi mwisho. Ukilinakili jinsi unavyonakili picha au wimbo, umetengeneza CD yenye faili moja kubwa ndani, na BIOS haina la kufanya nalo. Ni sawa na kuzika gunia la ndengu likiwa limefungwa, ukingoja lichipue.

Sababu yake inafaa kujulikana. CD ya data hugawanywa katika visehemu vya baiti 2,048. Visehemu 16 vya mwanzo, yaani KB 32, huachiwa mfumo. Kinachofuata, cha 16 kwa hesabu inayoanzia sifuri, hueleza diski ni ya nini. Cha 17 ndicho hubeba habari ambayo BIOS inaitafuta: mahali ilipo programu ya kuanzishia. Utaratibu huu uliandikwa na Phoenix Technologies na IBM, ukatolewa Januari 1995 kwa jina la El Torito, nao ndio uliofanya CD iweze kuwasha kompyuta bila kusaidiwa na diski laini. Ukinakili faili tu, kisehemu hicho cha 17 hakipati kinachotakiwa, na mashine inaruka CD na kuendelea na Windows.

Kwa hiyo kwenye programu ya kuchomea, tafuta chaguo la kuchoma taswira. Windows 7 na zilizofuata zina chaguo hilo tayari: bofya faili la ISO kwa kitufe cha kulia, utaliona. Ukimaliza, fungua CD. Ukikuta folda na mafaili mengi, umefaulu. Ukikuta faili moja lenye jina linaloishia na ISO, rudia kwa diski nyingine.

Na hata CD nzima itarukwa ikiwa kompyuta haijaambiwa ianze nayo. Kwenye Dell, bonyeza F12 mara tu baada ya kuwasha. Kwenye HP nyingi ni Esc au F9. Nusu ya diski zinazoitwa mbovu, kwa maoni yangu, hazikuwahi kusomwa hata mara moja.

"CD inayong'aa bila mkwaruzo ni nzima."

Uongo. CD ya kuchoma huhifadhi data kwenye rangi nyembamba iliyo ndani ya plastiki, na rangi hiyo huharibiwa na joto na mwanga. Hapa Makueni tuna vyote viwili kwa wingi. Diski iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari kutoka asubuhi hadi jioni inaweza kung'aa vizuri na bado ikakwama katikati ya kusakinisha. Vumbi nalo hukaa kwenye lenzi ya draivu, ikasingiziwa diski isiyo na kosa. Usikisie kwa macho. Kila mradi wa maana huchapisha alama ya uhakiki ya faili lake, herufi na tarakimu 64 za SHA-256. Zipige hesabu kwenye faili ulilopakua kabla ya kuchoma, na zote 64 zifanane. Baada ya kuchoma, menyu ya kisakinishi cha Debian ina sehemu ya kukagua diski yenyewe. Huchukua dakika chache. Diski nzuri itiwe kwenye bahasha, iwekwe kabatini.

"Mashine hii imezeeka mno."

Hili linategemea umri gani. Prosesa ya Core 2 Duo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, ni ya biti 64 na inapokea Linux ya leo, mradi memori isiwe finyu. GB 2 ndipo ningeanzia, na 4 ni raha. Pentium 4 za mwanzo ni za biti 32, na kwao mlango unafungwa. Ubuntu iliacha kutoa diski ya biti 32 ya kompyuta za mezani mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Zipo bado Debian 12 na antiX 23, toleo jingine la Linux, zenye diski za biti 32. Ukikosea ukatia diski ya biti 64 kwenye mashine ya biti 32, itakataa kwa ujumbe mfupi, wala haitaharibu kitu.

Ukubwa wa diski pia ni jambo la kupima kabla ya kutumia bando. Ubuntu ilipita kipimo cha CD mwaka 2012, na taswira ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6 huku DVD ya kawaida ikibeba 4.7. Linux Mint 22, yenye takriban GB 3, inaenea bila shida.

"Siku hizi ni flashi tu, CD imekufa."

Nusu kweli. Laptopu mpya hazina draivu, na faili lile lile la ISO huandikwa kwenye flashi na kuwasha mashine kwa kasi kubwa zaidi. Lakini kompyuta za zamani kadhaa hukataa kuanza na flashi huku zikisoma DVD bila ubishi. Halafu kuna virusi. Flashi ya saiba hupita mashine hadi mashine na kubeba kila kinachoipata. DVD ikishachomwa na kufungwa haiandikiki tena, kwa hiyo kilichokuwa safi Jumatatu ni safi Ijumaa. Kwa maabara ya shule, mimi bado ningechagua DVD.

"Kuinakilia jirani au kuiuza ni wizi."

Uongo, na inaniuma kuona vijana waaminifu wakiliogopa jambo halali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta, na kunakili Windows bila leseni ni kuivunja. Linux imetolewa kwa leseni ya GPL, inayokuruhusu kunakili, kugawa, na hata kutoza pesa, mradi umpe mpokeaji haki hizo hizo na njia ya kuupata msimbo wake. Mradi wa OpenBSD, jamaa ya Linux katika ukoo wa Unix, uliuza seti zake za CD kwa miaka mingi hadi toleo la 6.0 la mwaka 2016, na mauzo hayo yakasaidia kuugharamia. Kijana wa Kathonzweni anayechoma DVD na kuiuza kwa bei ya diski na jasho lake hajamwibia mtu.

"Stima ikipotea katikati, kompyuta imekufa."

Uongo. BIOS haijaguswa na DVD haiandikiki. Stima ikirudi, anza upya. Tahadhari moja: ukiwa unaipunguza sehemu ya Windows ili Linux ipate nafasi, kukatika kwa umeme wakati huo kunaweza kuharibu mafaili. Laptopu iwe na chaji, na ya mezani ingoje siku stima imetulia.

Linaloshabihiana nalo ni lile la saa. Kompyuta inarudi miaka nyuma kila ikizimwa, inasahau kuanza na CD, na lawama inaangukia Linux. Kosa ni la betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao. Ibadilishe, kisha weka tarehe sahihi, kwa sababu tarehe mbaya hufanya tovuti salama na hazina za programu zikatae kufunguka.

"Linux haijui lugha yetu."

Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi na hakuna aliyehitaji kuombwa ruhusa. Na Kikamba je, chenye ĩ na ũ? Anayeandika mũsyĩ kwenye kompyuta ya kawaida huishia kuandika musyi. Linux ina mpangilio wa kibodi ya Kenya wenye tawi la Kikuyu, na kwa kuwa lugha hizi mbili zinatumia herufi hizo hizo mbili, tawi hilo linamfaa Mkamba vilevile. Ukishasakinisha, fungua mipangilio ya kibodi, ongeza Kenya, kisha Kikuyu. Limo tayari ndani ya mfumo, halihitaji kupakuliwa.