IMEI: Namba Inayoulizwa Mnarani

Je, wajua kwamba simu inaweza kuwa chini kabisa ya mnara pale Ifakara mjini, chaji imejaa, vocha ipo, na bado ikashindwa kupiga? Mwenyewe, tuseme mkulima wa mpunga aliyeshuka na treni ya TAZARA kutoka Mlimba, atainyanyua juu, ataizungusha, mwishowe ataisingizia milima ya Udzungwa. Kumbe mnara umeisikia vizuri. Umeikataa.

Mzizi wa fitina ni IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo simu hutoka nayo kiwandani. Bonyeza *#06# uione. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu, 6 zinazofuata huitofautisha na wenzake, na ya mwisho ni ya ukaguzi: hutokana na kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1960. Ukikosea tarakimu moja, hesabu haikubali.

Simu ikiwashwa, mtandao huitambua laini kwanza. Kisha unaweza kudai IMEI na kuitafuta katika orodha ya simu zilizofungiwa, zikiwemo za wizi na feki. Jibu hurudi kwa msimbo: 2 maana yake laini haijulikani, 6 maana yake kifaa hakikubaliki. Mara nyingi mwenye simu haoni msimbo. Anaona tu kwamba simu za dharura ndizo zinazoruhusiwa. Akizima na kuwasha, simu huomba upya na kukataliwa upya.

Kenya ilizima simu feki mwaka 2012. Tanzania, ambayo sheria yake ya mawasiliano ya 2010 iliweka rejesta kuu ya namba hizi, ilifuata Juni 16, 2016. Wananchi walikuwa wameambiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, watume IMEI kwenda 15090 ili wajue simu zao ni halisi au la. Januari 20, 2020 ikawa zamu ya laini: zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa.

Ndiyo maana fundi simu mzoefu haanzi na bisibisi. Huihamishia laini kwenye simu nyingine. Ikikubali, mgonjwa ni simu. Ikigoma huko pia, hubonyeza *106# kuangalia usajili.

Wi-Fi huwachanganya wengi. Haiulizi IMEI, hivyo simu iliyofungiwa bado hupokea WhatsApp gesti, ikitoka nje kimya. Kichekesho zaidi ni simu ya laini mbili: ina IMEI mbili, moja kwa kila tundu la laini. Ya kwanza ikifungiwa peke yake, laini ileile hufa ikiwekwa tundu la kwanza na kufufuka ikihamishiwa la pili.