Sheikh wa Garissa Mbele ya Mhariri wa Jarida

Tarehe 21 Desemba 2015, washambuliaji walisimamisha basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, karibu na El Wak, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, na baadhi ya wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Kisa hiki kimesimuliwa duniani kote kama habari ya ushujaa, na ni haki yake. Ndani yake, hata hivyo, mna swali la dini ambalo habari za magazeti hazikuligusa. Aya ya 36 ya Suratun-Nisaa inaamrisha wema kwa wazazi, jamaa, majirani na rafiki aliye ubavuni, na wafasiri wa kale, at-Tabari akiwa mmojawapo, wanataja kwamba rafiki huyo anaweza kuwa mwenzako wa safari. Je, abiria wale waliongozwa na mafunzo ya duksi, yaani madrasa ya Kurani ya Wasomali, au na mila ya Kisomali ya kumlinda aliye katika hifadhi yako, au na yote mawili kwa pamoja? Anayeweza kulijibu vizuri ni mtu aliyesoma fiqhi Garissa au Wajir, anayewajua walimu wa huko, vitabu wanavyosomesha na lugha ya wale abiria. Mtu huyo anapaswa kuandika, kisha apeleke alichoandika kwenye jarida la kitaaluma la dini na theolojia. Naamini pia kwamba amekwisha kuandaliwa kwa kazi hiyo zaidi kuliko anavyodhani.

Sehemu kubwa ya yale yanayosomwa vyuoni kuhusu dini ya Wasomali na majirani zao imeandikwa na wageni. I. M. Lewis wa Uingereza alitumia maisha yake kuwachunguza Wasomali, na Günther Schlee, Mjerumani, alitoa mwaka 1989 kitabu kuhusu koo na utambulisho kaskazini mwa Kenya. Kazi zao ni za thamani na hazina mbadala. Lakini baada ya watu 148 kuuawa katika chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, dini ya eneo hili imezidi kutazamwa kama suala la usalama tu, na anayeisoma kwa mbali angedhani kwamba misikiti na makanisa ya Kaskazini Mashariki hayana fikra zozote isipokuwa kuhusu vita. Ukweli ni kwamba maswali yamejaa. Mwaka 1993 wazee wa Wajir walifikia Azimio la Al-Fatah, la upatanisho kati ya koo, baada ya juhudi za amani ambazo Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walikuwa mstari wa mbele kuzianzisha. Imani yao ilikuwa na nafasi gani katika upatanisho ule? Mwaka 2001 likaja Azimio la Modogashe, lililoweka fidia kwa mauaji na wizi wa mifugo. Fidia hiyo inalinganaje na diya, yaani fidia ya damu, katika madhehebu ya Shafii, na inakaaje na sheria ya jinai inayotaka muuaji ashtakiwe mahakamani? Kuna pia mahakama za kadhi, ambazo Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinazipa mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Upande wa Wakristo, Jimbo Katoliki la Garissa lipo tangu 1984, na maisha ya waumini wachache katikati ya Waislamu wengi ni mada ya theolojia ambayo padri wa hapo ana habari zake zaidi kuliko profesa wa Roma.

Wapo watakaosema kwamba jarida ni mlango wa watu wengine, wenye kanuni za Kizungu, na kwamba sheikh hahitaji idhini ya mhariri ili aseme alilolijua. Pingamizi hili lina uzito, lakini tuangalie kinachofanyika hasa. Mwandishi hupeleka mswada wenye ikisiri fupi, hoja moja iliyo wazi na marejeleo kamili. Mhariri huusoma kwanza, na mingi huirudisha hapohapo kwa sababu haiingii katika mada za jarida lake. Ndiyo maana inafaa kusoma matoleo kadhaa kabla ya kupeleka chochote. Ukipita, hutumwa kwa wahakiki wawili au zaidi ambao ni wajuzi wa somo hilo. Wao huuliza: jambo hili umelitoa wapi? Nani amelisema kabla yako? Kuna riwaya nyingine inayopingana nalo? Aliyesoma elimu ya hadithi hawezi kuyaona maswali haya kuwa mageni. Wanazuoni walioichuja sanad, mpokezi kwa mpokezi, waliyauliza kwa ukali mkubwa zaidi, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, na kijana aliyesoma Minhaj, kitabu cha fiqhi cha an-Nawawi, mbele ya mwalimu wake anajua kwamba kauli isiyo na asili haipokelewi.

Tofauti ipo, na haifai kufichwa. Mwanazuoni wa hadithi huanza na mtu: uadilifu wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na aliyempokea. Majarida mengi ya dini hufanya kinyume, yanaficha jina la mwandishi kwa mhakiki na la mhakiki kwa mwandishi. Kwa Garissa naona faida kubwa katika hilo. Mahali ambapo neno la mtu hupimwa kwa ukoo wake kabla halijasikilizwa, ni jambo la maana kwamba anayehukumu hoja yako kuhusu diya hajui kama wewe ni Aulihan, Abudwak, Degodia au Garre. Usiri huo hauzibi kila pengo, maana katika somo lenye watu wachache mhakiki anaweza kubahatisha, na ndiyo sababu mwandishi hutakiwa kuondoa jina lake hata pale anapotaja kazi zake za awali. Ama hofu kwamba asiyeamini ataihukumu imani yako, mhakiki mwema hakuulizi kama aya ni ya kweli. Anauliza kama umeonyesha kwa ushahidi jinsi watu wa Wajir walivyoielewa.

Kinachochosha kweli ni kazi ndogondogo. Utafiti wa kuhoji watu nchini Kenya unahitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na ridhaa ya wanaohojiwa, hasa walionusurika mauaji. Halafu kuna tahajia: katika maandishi ya Kisomali yaliyorasimishwa Somalia mwaka 1972, Hassan ni Xasan na Ali ni Cali, wakati majarida ya Kiislamu hutaka Kiarabu kiandikwe kwa mfumo mmoja maalumu. Mwandishi achague utaratibu mmoja, aueleze mwanzoni, asiuache hadi mwisho. Lugha nayo ni kikwazo, kwa sababu jarida kubwa kama Journal of Religion in Africa, lililoanza 1967, huchapisha zaidi Kiingereza na Kifaransa. Lakini Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani na kusomwa bure, hupokea makala za Kiswahili, na maandishi ya Kiislamu ya Waswahili yamepata nafasi humo.

Majibu huchukua miezi, pengine mwaka, na subira hiyo ndiyo inayowanufaisha matapeli. Jarida linalokuahidi kuchapishwa ndani ya wiki, linalopokea fizikia na fiqhi kwa pamoja, na linalotaka pesa kabla hata mswada wako haujasomwa, halina wahakiki. Majarida mengi ya dini yanayoheshimika, yakiwemo yale yanayouzwa kwa maktaba, hayamtozi mwandishi hata shilingi. Hapo ndipo linapokuja pingamizi ambalo mimi naliona zito kuliko yote: makala ikishatoka, huenda mtu wa Garissa asiweze kuilipia ili aisome. Wachapishaji wengi, hata hivyo, huruhusu nakala ya mwandishi iliyokubaliwa iwekwe katika hazina ya mtandaoni ya chuo chake, wakati mwingine baada ya muda fulani kupita. Ruhusa hiyo imeandikwa katika mkataba. Mwandishi ausome kabla ya kutia sahihi, na asipoiona aiombe, kisha aipeleke nakala kwa kadhi na kwa walimu wa madrasa aliowahoji.