Walikwenda kumshawishi Ali, wakatoka wakiwa upande wake

JUNI 4, 1967, mjini Cleveland, Marekani, mastaa wa mpira walijifungia ofisini na Jim Brown. Siyo mpira wetu huu, ni ule wa Wamarekani wa kukimbia nao mkononi. Ajenda ilikuwa moja tu: Muhammad Ali.

Bingwa huyo wa uzito wa juu, akiwa na miaka 25, alikuwa amegoma kuingia jeshini Aprili 28 wakati vita ya Vietnam imepamba moto. Mkanda na leseni vikamtoka. Jela ikawa inamnyemelea.

Picha ya siku ile wengi wameiona. Kisichosemwa sana ni kwamba baadhi ya waliokaa pale gwanda walilijua. Brown alikuwa luteni wa akiba. Willie Davis, aliyetoka kubeba Super Bowl ya kwanza na Green Bay Packers, alishatumikia jeshi. Bobby Mitchell vilevile, na huyu mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kuchezea Washington, timu ya mwisho ligi nzima kukubali mchezaji mweusi. Unalitumikia taifa, halafu kuna timu haikutaki kwa sababu ya rangi!

Kwa hiyo walimbana kwelikweli. Kwa saa kadhaa ni maswali tu. Mchongo nao ulikuwepo: akubali, apigane ngumi za maonyesho mbele ya askari, yaishe. Jamaa akakomaa. Dini yake haimruhusu, basi.

Walipotoka mbele ya waandishi wa habari, wote walikuwa naye, akiwemo Bill Russell wa Boston Celtics na kinda wa kikapu Lew Alcindor, leo Kareem Abdul-Jabbar. Siyo kwamba wote waliafiki msimamo wake, ila waliamini hadanganyi.

Juni 20 Ali akahukumiwa miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikata rufaa akiwa nje, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila pambano, kwa bondia hiyo ndiyo miaka ya kula matunda. Mahakama Kuu ya Marekani ilimsafisha Juni 1971, majaji wanane kwa sifuri.

Mwaka 1980 serikali hiyohiyo ikamtuma Dar es Salaam, aishawishi Tanzania isiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakaenda, wakarudi na fedha mbili.