Swali la Mbunge na Jibu la Waziri: Yanamhusu Vipi Mtumiaji wa Huduma

Miongoni mwa barua tunazopokea kutoka kwa watumiaji wa huduma, zipo ambazo hazianzi na namba ya mita wala ya ankara. Huanza hivi: "Waziri alisema bungeni kwamba tatizo hili litakwisha, mbona huku kwetu bado?" Mwandishi wa barua ya namna hiyo ana haki ya kujibiwa. Lakini ili ajibiwe sawasawa, hana budi kwanza kujua Waziri aliulizwa nini hasa, alijibu kwa maneno gani, na jibu hilo lilimfunga kwa kiasi gani. Makala haya yanaeleza jambo hilo.

Haki ya Mbunge ya kuuliza si hisani ya Serikali. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalipa Bunge madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Njia ya kwanza inayotajwa na ibara hiyo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana. Waziri wa Maji haulizwi kuhusu kodi, na Waziri wa Nishati haulizwi kuhusu barabara. Swali zuri likipelekwa kwa Waziri asiyehusika hurudi na jibu la adabu lisilo na kitu ndani yake.

Swali la kawaida huandikwa na kuwasilishwa mapema kwa Katibu wa Bunge, ambaye hulipeleka katika wizara inayohusika. Huko ndiko sisi, watumishi wa mamlaka za udhibiti, tunakokutana nalo. Wizara hutuandikia ikitaka takwimu na maelezo: bei iliyoidhinishwa ni ipi, idadi ya malalamiko ni ngapi, mtoa huduma ameagizwa nini na lini. Muda huwa mfupi. Tunakiri kwamba ni katika siku hizo ambapo jalada lililolala kabatini hufunguliwa, na mtoa huduma aliyekuwa akichelewa kujibu barua zetu hujibu siku ileile. Mara nyingi, basi, swali huanza kufanya kazi kabla halijasomwa ukumbini Dodoma.

Siku yenyewe ikifika, kipindi cha maswali hutangulia mijadala mingine katika kikao cha asubuhi. Mbunge huitwa, swali lake hutajwa kwa namba, na Waziri, au mara nyingi Naibu Waziri, husimama na kusoma jibu lililoandikwa: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge, lenye sehemu (a) na (b), kama ifuatavyo." Jibu hilo limepita mikono mingi na kila neno limepimwa. Anayetaka kusikia zaidi ya yaliyoandikwa na asubiri maswali ya nyongeza. Mwenye swali husimama tena na kusema ana maswali mawili madogo ya nyongeza, na hapo Waziri hujibu bila karatasi aliyoiandaa. Kwa maoni yetu, sehemu hiyo ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mtumiaji wa huduma. Wabunge wengine nao wanaweza kusimama na kuuliza nyongeza, Spika akiwaruhusu.

Siku ya Alhamisi yapo maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, utaratibu ulioanza mwaka 2008. Muda wake ni nusu saa, na Waziri Mkuu hapewi swali mapema. Kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni, anaweza kuulizwa jambo linalogusa wizara zaidi ya moja. Hata hivyo maswali haya yanatakiwa yawe ya kisera. Bomba lililopasuka katika mtaa mmoja si swali la Alhamisi.

Tuchukue mfano ambao umeulizwa bungeni kwa sura nyingi, yaani gharama ya kuunganishiwa umeme. Kuanzia Januari 2022, mteja wa kawaida wa mjini anayehitaji umeme wa njia moja, asiyehitaji nguzo na aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye laini, alitakiwa kulipa shilingi 320,960, ilhali wa kijijini alibaki na shilingi 27,000. Tofauti hiyo ilizaa swali jepesi kutamka na gumu kujibu: kijiji ni nini? Yapo maeneo ambayo kwa mipaka ya utawala yamo ndani ya mji, lakini watu wake wanaishi kwa jembe na ng'ombe. Wabunge wa maeneo hayo waliuliza, tena na tena, kwa nini mpiga kura wao alipe bei ya mjini.

Sasa tutazame namna jibu linavyoweza kuja. Maneno yafuatayo ni ya mfano tu. Waziri akisema, "Serikali inaendelea kuyafanyia tathmini maeneo hayo," hajaahidi bei mpya. Ameahidi tathmini, na hajasema itakwisha lini. Akisema, "Kazi hiyo itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana," ameeleza nia, na shughuli haimo katika bajeti ya mwaka huo au haina uhakika. Lakini akisema, "Katika mwaka huu wa fedha zimetengwa fedha kwa ajili ya kata hizi tatu, na mkandarasi anatakiwa kumaliza kabla ya Juni," hapo ametoa jambo linaloweza kupimwa: mahali, fedha na muda. Jibu la namna hiyo mtumiaji anaweza kulishika mkononi na kwenda nalo katika ofisi ya mtoa huduma. Yale mawili ya kwanza hayatamsaidia huko, na ni afadhali ajue hivyo kabla ya kulipa nauli.

Majibu yote haya huchapwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge, ambayo watu wengi huiita Hansadi, na hupatikana katika tovuti ya Bunge. Tunamsihi msomaji aitegemee taarifa hiyo kuliko kipande cha video alichotumiwa kwenye simu. Tumewahi kupokea malalamiko yaliyojengwa juu ya nusu ya sentensi ya Waziri. Nusu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na neno "endapo".

Swali lililoandikwa lina udhaifu wake: huchukua muda, na maisha hayangoji. Kwa jambo la haraka Kanuni za Bunge zinamruhusu Mbunge kuomba shughuli zilizopangwa zisimame ili hoja ya dharura ijadiliwe. Watumiaji wa mafuta wanakumbuka mwaka 2022. Bei katika soko la dunia zilikuwa zimepanda baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei kikomo zilitangazwa zikiwa juu zaidi. Mwanzoni mwa Mei wabunge waliibana Serikali ukumbini juu ya jambo hilo. Tarehe 10 ya mwezi huohuo Waziri wa Nishati alilieleza Bunge kwamba Serikali ingetoa ruzuku ya shilingi bilioni 100, ili nafuu ionekane katika bei za kuanzia tarehe 1 Juni. Hatusemi kwamba mjadala peke yake ndio uliozaa ruzuku, maana Serikali nayo ilikuwa ikilitazama suala hilo. Tunachosema ni kwamba kiasi na tarehe vilitamkwa mbele ya Bunge, na baada ya hapo dereva wa bodaboda na mwenye lori walikuwa na kipimo cha kupimia bei ya Juni.

Ipo pia silaha ya msimu. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu ya wizara, Mbunge asiyeridhika na maelezo ya Waziri anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wake. Wenyewe huita kushika shilingi. Fedha yenyewe ni ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini Waziri hulazimika kutoa maelezo, wabunge wengine huchangia, na mara nyingi shilingi hurudishwa baada ya ahadi kutolewa. Mtumiaji anayetaka jambo la eneo lake lisemwe wakati huo asingoje Mei. Amfikie Mbunge mapema, wakati ratiba ya mafungu bado inapangwa.

Mbali na ukumbi mkuu zipo Kamati za Kudumu, ambako watendaji wa wizara, mashirika na mamlaka kama yetu huhojiwa kwa saa nyingi kwa utulivu zaidi. Pale ambapo jambo ni zito, Bunge huunda Kamati Teule. Ile iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond iliwasilisha taarifa yake Februari 2008, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, alijiuzulu.

Kwa watumiaji walioko Zanzibar utaratibu unagawanyika. Umeme na maji vya huko viko chini ya Serikali ya Mapinduzi, hivyo maswali yake huulizwa katika Baraza la Wawakilishi. Posta na simu ni mambo ya Muungano. Mkazi wa Pemba mwenye hoja ya kisera kuhusu gharama za simu humwendea Mbunge, na mwenye hoja kuhusu maji ya bomba humwendea Mwakilishi.

Sasa tuseme lile ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Ankara iliyokosewa, mita inayokimbia, salio lililopotea au fidia ya kifaa kilichoungua si mambo ya kumpa Mbunge kwanza. Anza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipokuridhisha, leta lalamiko kwa mamlaka inayomdhibiti. Usiporidhika na uamuzi wa mamlaka, unaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Njia hii humalizika kwa uamuzi wenye nguvu ya kisheria juu ya shauri lako, jambo ambalo jibu la Waziri haliwezi kukupa. Tena, jambo likiwa tayari mbele ya mahakama, Kanuni hazimruhusu Mbunge kuliuliza.

Lakini ankara za mtaa mzima zikikosewa kwa miezi mitatu mfululizo, au sheria ikiwa na tundu, au mradi ukiwa umesimama na hakuna anayesema kwa nini, hilo ni la Mbunge. Mwandikie ukurasa mmoja. Taja kata na kijiji, tarehe tatizo lilipoanza, watu wangapi wanaathirika, mlikwenda wapi na mlijibiwa nini, kisha ambatisha nakala za majibu hayo, yakiwemo ya kwetu. Usiandike maoni wala shutuma, kwani swali lenye shutuma hurudishwa na Ofisi ya Spika kabla halijafika popote. Malizia kwa swali moja linalodai tarehe au kiasi. Barua ipelekwe katika ofisi ya Mbunge jimboni. Mbunge wa viti maalumu wa mkoa wako naye ana haki ileile ya kuuliza.