Unga wa protini haumtoshi mpanda mlima

Mpandaji anayeukwea Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na kuteremkia Chogoria aghalabu huchukua siku nne au tano. Ikiwa anajibebea chakula, si ajabu ashawishike kutegemea unga wa protini: ni mwepesi, hauozi upesi, na huhitaji maji tu. Kosa ni kuufanya mlo kamili.

Gramu 30 za unga utokanao na maziwa huwa na takriban gramu 24 za protini, lakini nguvu zake ni kama kilokalori 120 pekee. Siku moja ya kukwea na mzigo yaweza kumaliza zaidi ya kilokalori 3,000. Mwili ukikosa wanga, huanza kuichoma protini badala ya kuitumia kukarabati misuli. Ni sawa na kununua mbao ghali kisha kuzifanya kuni.

Manufaa yake hudhihirika jioni, katika kambi kama Shipton's, iliyo takriban mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Huko hamu ya kula hupungua, na kinywaji hupita kooni kwa urahisi kuliko ugali. Heri zaidi kuukoroga katika uji uliopoa kidogo, kwani ukiwa wa moto sana unga hufanya madonge. Karanga nazo zisisahauliwe: gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori tisa, ilhali ya protini hutoa nne.

Maji ya vijito sharti yachemshwe au yatiwe dawa, na chupa ioshwe papo hapo kabla mabaki hayajachacha. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza.