Simu Isiyopokea Baruapepe za Kazini: Chanzo na Tiba

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Methali hii humfaa mfanyakazi ambaye simu yake imeacha kupokea baruapepe za kazini. Simu hailalamiki, mwenyewe hudhani kuwa hakuna aliyemwandikia. Tuchukue mfano wa mhadhiri anayesubiri alama kutoka kwa mtahini wa nje. Huenda zilitumwa siku tatu zilizopita, naye akajua hivyo baada ya bodi ya mitihani kukutana. Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo cha kimya hicho.

Baruapepe za kazini hutunzwa katika seva, yaani tarakilishi inayohifadhi barua za wafanyakazi wote. Aghalabu, zilizomo simuni ni nakala tu. Kuzifanya nakala hizo zilingane na zilizo sevani ndiko tunakokuita usawazishaji. Usawazishaji unaweza kukatika mahali pane: katika mtandao, simu, akaunti au seva.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Tumia kivinjari cha simu iyo hiyo, ufungue ukurasa wa baruapepe wa mwajiri wako. Ukiziona barua mpya huko, mtandao, akaunti na seva ni salama. Kasoro imo katika programu ya barua simuni au katika ruhusa zake. Nywila ikikataliwa, shuku akaunti. Iwapo ukurasa huo haufunguki ilhali kurasa nyingine zinafunguka, yamkini hitilafu iko upande wa seva; iache simu ilivyo, uwaulize wahusika.

Kasoro ikiwa simuni, chunguza mambo matatu: hali ya kuokoa betri, ambayo huweza kuizuia programu kufanya kazi chinichini, nafasi ya kuhifadhi, isije ikawa imejaa, na saa. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarehe ya simu ikienda kombo, cheti halali huonekana batili.

Kwa upande wa akaunti, chanzo cha mara kwa mara ni nywila iliyobadilishwa kwenye tarakilishi ya ofisini. Simu huendelea kubisha hodi kwa nywila ya zamani, na seva nyingi huifunga akaunti kwa muda baada ya majaribio kadhaa. Hapo hata nywila sahihi hukataliwa. Zima usawazishaji simuni, subiri au uombe akaunti ifunguliwe, kisha uweke nywila mpya.

Huenda pia seva imebadilisha masharti. Mnamo Oktoba 2022, Microsoft ilianza kuzima katika huduma yake ya Exchange Online njia kongwe ya kuingia kwa jina na nywila pekee. Programu zisizojua njia mpya zilifungiwa nje, ingawa nywila zilikuwa sahihi. Dawa yake ni kusasisha programu au kutumia nyingine. Baadhi ya seva vilevile huikataa simu isiyofungwa kwa namba ya siri.

Wengi hukimbilia kuifuta akaunti simuni na kuisajili upya. Hatua hii husaidia, lakini inapasa kuwa ya mwisho. Barua zilizoandikwa zisitumwe, pamoja na miadi na namba za watu ambazo hazijafika sevani, huweza kupotea. Akaunti inayotumia utaratibu wa POP ina hatari zaidi, kwani huweza kupangwa iondoe barua sevani baada ya kuzipakua. Nakala ya simuni ikawa ndiyo pekee iliyobaki. Hakikisha kwanza kupitia kivinjari kwamba kila kitu kimo sevani, na unakili kisichokuwamo.

Hatimaye, ukimwendea fundi, usimwambie tu kwamba simu imekataa. Mweleze ulichojaribu, kilichofaulu na ujumbe wa kosa ulivyoandikwa, neno kwa neno. Maelezo hayo humwondolea kubahatisha, nawe huenda ukaipata barua yako kabla bodi haijaketi.